Anayetuonyesha tundu tusimtishe, mwizi tayari ana mashine ya kuyatafuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, na kama inawezekana msiikate sana maana nimeiandika siku tatu usiku baada ya kufunga ofisi na bado naona kuna mambo nimeyaacha. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Tabata, naangalia mifumo ya saccos mbili na duka moja la dawa, kazi hii huu mwaka wa kumi na mbili, na ninachotaka kusema kuhusu akili mnemba na udukuzi sikukiokota kwenye semina, kimeingia mpaka ndani ya familia yetu.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, yupo chuo mwaka wa pili. Mwaka jana dada alimtuma aangalie deni la ada la mdogo wake kwenye tovuti ya shule. Shule siitaji. Ukiingia pale unapata ukurasa wenye jina la mwanafunzi, darasa, ada iliyolipwa kila muhula, kinachodaiwa, na namba ya simu ya mzazi. Sasa kule juu kwenye linki, mwishoni, kulikuwa na namba tu, tuseme 2417. Dogo akabadilisha akaweka 2418 na ukafunguka ukurasa wa mtoto wa watu wengine kabisa, deni lao lote liko pale, simu ya baba yake iko pale. Akaweka 2419, hivyo hivyo. Hakuibia mtu paswedi, hakuwasha programu yoyote, alibadilisha tarakimu moja kama mtu anavyousukuma mlango akakuta haujakomewa. Akaishia hapo akanipigia, "Mjomba, hii kitu imekaa vibaya, watoto wote wa shule wanaonekana."

Nikamwambia umefanya vizuri kuacha, usifungue mwingine, usipige skrini shoti ya mtoto wa mtu, tuwaandikie wenyewe. Tukatafuta pa kuandika, hamna. Tovuti nzima ina anuani moja ya imeili ya maulizo ya kujiunga na shule. Tukaandika hapo kwa adabu, mistari kama kumi, tatizo ni hili, liko hapa, sisi ni wazazi, mwambieni aliyewatengenezea mfumo aweke ukaguzi kwamba anayeomba ukurasa ndo mwenye ukurasa. Siku nne kimya. Siku ya tano dogo anapigiwa simu, wewe ni nani, nani kakutuma, umeingiaje kwenye mfumo wetu, unajua hili ni kosa la jinai, kesho tunaenda polisi. Dada yangu usiku ule hakulala. Ikabidi mimi na shemeji tuvae vizuri tuende, tukakaa benchi masaa mawili, tukaingia tukaomba msamaha, na yule mkuu akasema amesamehe kwa sababu ya umri wa kijana. Kuhusu tundu lenyewe hakuuliza hata swali moja.

Na kisheria hakuwa anatutishia hewa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 4, inasema anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na kinyume cha sheria adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida aliyoipata, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Nimeisoma mwanzo mpaka mwisho, nimeirudia, sijaona mahali panaposema kwamba aliyegundua kwa nia njema, asidhuru, akaenda kusema, huyo asiguswe. Majirani zetu Kenya na wao sheria yao ya 2018 kosa la kuingia bila idhini linaweza kukugharimu mpaka shilingi zao milioni 5 au miaka 3. Wakati huo huo sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inayomtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, kwa maana hiyo aliyetakiwa kujieleza siku ile ni shule, lakini aliyekaa benchi ni mtoto.

Sasa mtaniuliza akili mnemba inaingilia wapi hapa.

Inaingilia kwamba mpwa wangu aliliona lile tundu kwa bahati, kwa udadisi wa kijana, tovuti moja, mchana mmoja. Saivi kuna mashine inafanya kile kile usiku kucha bila kuchoka, unaielekeza kwenye tovuti, inasoma kurasa zote, inagundua yenyewe kwamba linki zina namba mwishoni, inabadilisha, inalinganisha majibu, inaona kwamba jina limebadilika wakati aliyeingia ni yule yule, alafu inaandika ripoti. Hizi sio hadithi. Kuna jukwaa linaitwa HackerOne ambapo makampuni yanaweka mifumo yao wazi ili wadukuzi wema waitafutie kasoro na kulipwa, na Juni 2025 aliyekaa juu kabisa kwenye orodha yao ya Marekani hakuwa mtu, ilikuwa ni mashine inaitwa XBOW, ingawa ripoti zake zilipitiwa na binadamu kabla hazijatumwa, na hilo la kupitiwa na binadamu mlishike maana nitalirudia.

Wala haikuanza juzi. Mwaka 2016 kule Las Vegas shirika la utafiti la jeshi la Marekani, DARPA, lilizishindanisha kompyuta 7 peke yake bila mtu kugusa kibodi, kila moja inatafuta matundu kwa wenzake na kuziba ya kwake. Ikashinda iliyoitwa Mayhem, wenyewe wakapata dola milioni 2, alafu wakaipeleka kwenye mashindano na timu za binadamu ikashika mkia. Watu wa fani yetu tukasema haya, kazi bado tunayo. Agosti 2025, mji ule ule, DARPA hao hao wamefunga mashindano mengine ya miaka miwili, safari hii modeli za lugha, yaani akili mnemba kama ile iliyo ndani ya chatiboti, zimeingia ndani. Waliokuwa wamepanda kasoro za makusudi kwenye programu kubwa zinazotumika duniani wakakuta mashine zimegundua 54 na kuziba 43, na juu ya hapo zikaibuka na kasoro 18 za kweli ambazo hakuna aliyezipanda, zilikuwa zimejikalia tu humo ndani. Washindi, Team Atlanta, wakaondoka na dola milioni 4. Ila namba iliyonikaa mimi kichwani ni nyingine, walipiga hesabu wakasema kazi moja kwa wastani iligharimu kama dola 152. Hiyo kwa hela yetu ni karibu laki nne, yaani bei ya kubadilisha kioo cha simu nzuri pale Kariakoo, na unapata mtafutaji wa matundu anayesoma msimbo, yaani yale maandishi yanayounda programu, mistari mamilioni.

Laki nne mwizi anayo.

Na anaitumia. Novemba 2025 kampuni ya Anthropic, watengenezaji wa akili mnemba inayoitwa Claude, ilitoa taarifa kwamba kundi ambalo yenyewe inaamini linafadhiliwa na serikali ya China lilitumia chombo chao kujaribu kuvamia taasisi kama 30, na kati ya asilimia 80 na 90 ya kazi ilifanywa na mashine, binadamu alikuwa anaingia sehemu chache tu kuamua. Naomba msomaji asimame hapa kidogo aangalie waliifanyaje ikubali, maana hizi mashine zimefundishwa kukataa ukiziambia nisaidie kuiba. Waliiambia kwamba wao ni wafanyakazi wa kampuni halali ya usalama na kwamba wanafanya majaribio ya kujilinda. Yaani walivaa nguo za mdukuzi mwema. Mashine ikaangalia kazi yenyewe, ikaona ni ile ile, kukagua milango, kutafuta paswedi dhaifu, kusoma msimbo, haikuwa na namna ya kumjua mwenye ruhusa na asiye na ruhusa kwa sababu kwa macho ya mashine wanafanana kama mapacha. Kifaa ni kimoja, ujuzi ni mmoja, hata maneno wanayoandika ni yale yale. Kinachowatenganisha ni ruhusa ya mwenye nyumba peke yake, na kwetu hapa hiyo ruhusa haina ofisi, haina fomu, haina hata anuani ya imeili, ndo maana kijana mwenye nia njema na jambazi tunawaona sawa.

Hapo ndo penye donda langu Mhariri. Wenye nia mbaya hawajawahi kuomba ruhusa wala hawaisubiri sheria. Tunaowatisha wakatishika ni hawa wa kwetu.

Nilishawahi kuambiwa na mwenyekiti wa moja ya zile saccos, fundi kwani si tununue tu huo mfumo wa akili mnemba utulinde. Alikuwa ametembelewa na watu wa mauzo wana makaratasi mazuri. Nikamwambia mzee wangu, kabla ya kununua nipe barua yenye sahihi na mhuri inayoniruhusu nijaribu kuuvamia mfumo wetu wenyewe kwa siku kumi na nne, nikaitunza ile barua kwenye faili, kisha nikatumia zana za bure na modeli ya lugha kunisaidia kusoma majibu, majina na namba za wanachama nikayafuta yote kwanza nikaweka herufi tu, maana wapo wanaobandika taarifa za wateja kwenye chatiboti kama wanabandika shairi na hilo peke yake ni uvujaji. Ikaniletea orodha ya mambo 31. Kwa kuitazama unaweza kudhani nyumba inaungua. Nikakaa nayo wiki mbili, moja baada ya jingine, na 20 na zaidi hayakuwa kitu, mashine iliona jina la toleo la programu ikadhani ni la zamani, au ilisema kuna mwanya kwenye ukurasa ambao haupo kabisa. Ila matatu yalikuwa ya kweli. Moja wapo ni akaunti ya mhasibu aliyeacha kazi 2022, ilikuwa bado inafungua, na ilikuwa na uwezo wa kuidhinisha mikopo. Mimi nilikuwa naupita huo mfumo kila wiki na sikuiona, mashine imeiona dakika ya kwanza, lakini bila mtu wa kukaa wiki mbili kutenganisha pumba na mchele hilo la mhasibu lingezama ndani ya yale 31. Hatukununua kile kilichokuja na makaratasi. Tulimlipa kijana mmoja wa kuja kila mwezi kukagua.

Hii ya pumba na mchele imewakuta wakubwa kuliko sisi. Kuna programu inaitwa curl, wasomaji wengi hawajawahi kuisikia lakini wanatembea nayo, ipo ndani ya simu, televisheni, magari, kazi yake kuhamisha data kwenye intaneti. Anayeiongoza ni Daniel Stenberg wa Sweden, yupo nayo tangu miaka ya 1990, na wanaoshughulikia usalama wake ni watu wachache wa kuhesabika. Tangu 2019 walikuwa wanatoa zawadi ya fedha kwa anayewaletea tundu la kweli na ilifanya kazi vizuri. Baadaye zikaanza kumiminika ripoti za akili mnemba, Kiingereza safi, vichwa vya habari vimepangwa, hatua kwa hatua, alafu ukisoma unakuta inazungumzia kipande cha msimbo ambacho hakipo ndani ya curl, mashine imekitunga. Na huwezi kuitupa bila kuisoma kwa sababu vipi kama ni ya kweli. Watu wale wale wachache, masaa yao yale yale, wanasoma uongo uliopambwa, na ukimuuliza aliyetuma anakujibu kwa jibu jingine la mashine. Ilipofika mwisho wa Januari 2026 wakaifunga ile zawadi.

Nawaambia vijana wetu hili bila kuwaficha, nyie mnaobandika linki ya tovuti kwenye chatiboti, mnachukua kinachotoka mnamtumia mtu na kudai dola, mnawaharibia wenzenu. Mnamfanya mwenye mfumo azoee kutupa ripoti, na siku ripoti ya kweli ikija itatupwa nayo.

Lakini ni curl hao hao, Septemba 2025, walipokea orodha ndefu kutoka kwa mtafiti mmoja, Joshua Rogers, naye kaitafuta kwa zana za akili mnemba, na Stenberg huyu huyu aliyekuwa amechoshwa akasifia waziwazi, marekebisho kama 50 yakafanyika kutokana na ile orodha, mengi madogo madogo lakini ya kweli. Tofauti ilikuwa mtu aliyekaa katikati, aliyezijua zana, akachagua, akasoma, akaelewa anachopeleka. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema akili mnemba itawaondoa wadukuzi wema namwambia aende akaangalie curl, kutafuta kumekuwa rahisi, kazi imehamia kwenye kuhakikisha na kuziba, na hizo zote mbili zinataka watu, tena wanaoaminiana.

Sasa wenzetu wamefanyaje. Mwaka 2016 wizara ya ulinzi ya Marekani, watu wenye siri kuliko shule yoyote ya Tabata, waliwaalika raia waitafutie matundu tovuti zao, wakajiandikisha zaidi ya 1,400, yakapatikana matundu halali 138, gharama yote dola 150,000, na waziri wao Ash Carter akasema kampuni ya kukodi ingewatoza zaidi ya milioni moja. Kati ya waliojitokeza kulikuwa na kijana wa miaka 18, David Dworken, anamaliza sekondari, alikuwa anatafuta kasoro huku ana mitihani. Alipeleka 6. Zote zikakutwa zimesharipotiwa na wengine, hakupata hata dola moja, lakini waziri wa ulinzi alimwita akamshukuru mbele ya watu. Niliposoma habari yake nilimfikiria mpwa wangu, umri unakaribiana, ujuzi unakaribiana, mmoja ameshikwa mkono na waziri na mwingine nimemtoa ofisini kwa mkuu wa shule anatetemeka.

Uholanzi tangu 2013 wana mwongozo wa kupokea taarifa hizi na serikali inampa aliyeripoti fulana ya asante. Fulana tu, na watu wanaigombania. Marekani Mei 2022 wizara ya sheria iliwaelekeza waendesha mashtaka wasimshtaki mtafiti wa usalama mwenye nia njema. Ubelgiji 2023 wao wameandika kwenye sheria kabisa, mtu akigundua tundu analindwa akitimiza masharti, asivuke kile kilichohitajika kuthibitisha, asidhuru, asiwe na nia ya ulaghai, amwambie haraka mwenye mfumo na kituo cha taifa cha usalama wa mtandao, asitangaze hadharani bila ruhusa. Hayo masharti ukiyasoma utaona mpwa wangu aliyatimiza karibu yote, ukitoa hilo la kituo cha taifa, bila kuambiwa na mtu, kwa malezi tu.

Najua watakaosema tukifungua hivyo kila mtoto atajaribu benki. Nimelifikiria sana hilo na sio hoja ya kudharau, hata mimi nalinda hela za wanachama wengi wao mama lishe na bodaboda, sitaki mtu ajifunzie kwangu. Ndo maana nasema ruhusa iandikwe na iwe na mipaka, kwamba unaweza kuangalia hapa usiangalie pale, usiangushe huduma, usiguse salio la mtu, ukiona taarifa ya mtu mmoja inatosha simama. Aliyevuka ashtakiwe kama kawaida. Hivi tulivyo sasa hamna mpaka wowote ila hofu, na mashine ya mwizi wa ng'ambo haina hofu, haijui hata kama kuna gereza la Keko.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwa wabunge na wizara inayohusika, mkiifungua tena ile sheria ya 2015 wekeni kifungu cha mtoa taarifa mwenye nia njema, na mpeni pa kwenda. Pa kwenda tunapo tayari, TZ-CERT ipo chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kazi yake ni matukio ya usalama wa mtandao, ipewe nguvu ya kisheria ya kupokea taarifa, kumlinda aliyeleta, na kumfuatilia mwenye mfumo mpaka azibe. Na muda uwepo. Watafiti wa Google wa Project Zero wanampa mwenye programu siku 90 za kuziba kabla ya kutoa undani wa tundu hadharani, kwetu sijui siku ngapi zinafaa kwa shule yenye fundi mmoja wa kuja na kuondoka, ila ziandikwe, maana tundu lililoripotiwa bila tarehe ya mwisho linazeeka humo humo. Kwa wananchi mbona tumeweza, meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" ikikujia unaituma 15040 na hakuna anayekuuliza wewe umeipataje, basi fundi naye apate 15040 yake.

Ombi jingine ni kwa wenye tovuti na hili halihitaji bunge wala bajeti. Tangu 2022 kuna utaratibu rasmi wa intaneti wa kuweka faili dogo kwenye tovuti yako, linaitwa security.txt, ndani unaandika mistari miwili mitatu, ukiona tundu mwandikie fulani kwa anuani hii, na faili lina tarehe ya kuisha ili usilisahau. Dakika kumi. Nimeshaweka kwenye mifumo yangu yote mitatu na anuani inafika kwenye simu yangu. Kama ile shule ingekuwa nalo, barua yetu isingeishia kwa dada wa mapokezi ambaye kazi yake ni kuuza fomu, akaogopa, akampa mkuu, naye akaogopa, wote wakaishia kumwogopesha mtoto. Siwalaumu sana kwa kuogopa, mtu akiambiwa nyumba yako iko wazi na mgeni asiyemjua lazima ashtuke, ila hiyo simu ingeanza na asante tungekuwa tunaongea mengine leo.

Na vyuo, jamani. Mpwa wangu anafundishwa historia ya kompyuta na aina za virusi, mtihani anaandika maana ya udukuzi kwa kalamu. Hajawahi kupewa mfumo wa kufanyia mazoezi kwa ruhusa na mwalimu wake, wala kufundishwa kuandika ripoti ambayo mtu aliyechoka ataielewa, wala namna ya kuikagua kazi ya akili mnemba ambayo inakudanganya kwa sauti ya kujiamini. Hata wale wavamizi waliotumia Claude, taarifa ile ya Anthropic ilisema mashine wakati mwingine iliwaambia imepata paswedi, wakienda kujaribu hazifungui. Ujuzi wa kuitilia shaka mashine ndo utakaolipa miaka inayokuja na unafundishika, unahitaji kompyuta kumi za zamani na mwalimu aliyewahi kufanya kazi yenyewe.

Nimalizie na mpwa wangu maana barua ni yake. Sasa hivi ana kompyuta nzuri kidogo, nilimchangia, na ndani yake ana zana zote hizi ninazozisema, anazijua kuliko mimi. Majuzi alikuja nyumbani kula, nikamuuliza, hivi ile linki ya shule walishaiziba? Akaacha kijiko. Akasema, "Mjomba sijui, mdogo wangu bado anasoma pale, lakini kujua mpaka nibadilishe ile namba tena, na mama alinikataza." Kwa hiyo majina ya wale watoto na simu za wazazi wao zinaweza kuwa wazi mpaka ninavyoandika hapa, na mtu pekee ninayemjua ambaye angeweza kuhakikisha kwa sekunde tano haruhusiwi kuangalia.

Wenu msomaji,
Fundi wa kompyuta, Tabata, Dar es Salaam